Jogoo wa Tenki la Dobi

Nyumba yetu ilinuka wanga. Asubuhi ilinuka wanga mbichi, mchana wanga uliopigwa pasi, na jioni ilinuka mkaa uliozimwa kwa maji. Wageni walisema wanaisikia harufu hiyo tangu kwenye kona. Sisi hatukuisikia. Niliitambua mara ya kwanza niliporudi likizo kutoka shule ya bweni na kufungua mlango. Siku hizi nguo zinafuliwa kwa mashine na wanga unatoka kwenye kopo. Harufu ile sijaikuta tena mahali popote.

Baba na mama walikuwa madobi. Mama alifua, baba alipiga pasi. Waligawana kazi hivyo tangu walipooana, na kila mmoja aliamini kwamba kazi ya mwenzake ndiyo rahisi.

"Wewe umesimama kivulini unasukuma pasi," mama alisema. "Chuma ndicho kinachofanya kazi."

"Na wewe unacheza maji," baba alijibu. "Watoto wote wa mtaa wanaitamani kazi yako."

Mimi waliniita Nati. Nilipokuwa mdogo nilimeza nati ya cherehani ya jirani, na nyumba nzima ikakaa kusubiri itoke. Ilitoka. Jirani aliiosha, akairudisha kwenye cherehani yake. Mimi nikabaki na jina.

Dobi hawezi kufanya kazi bila maji. Mtaani kwetu maji yalitoka kwa zamu, na hakuna aliyejua saa ya zamu. Bomba lilikuwa uani. Lilikaa kimya, kisha likakohoa, kisha likaanza kutoa maji. Hapo mama alipiga kelele, "Yamekuja!" na baba akaacha pasi na kukimbilia mpira.

Mpira huo ulitoka bombani, ukapanda hadi kwenye tenki letu. Tenki lilikuwa jeusi, la plastiki, juu ya jukwaa refu la mbao. Lilisimama karibu na ukuta wa mwenye nyumba. Yeye aliishi upande wa pili wa ukuta huo, na kitanda chake kilikuwa kimeegemea hapohapo.

Shida yetu ilikuwa moja. Ukiwa chini, huwezi kujua maji yamefika wapi ndani ya tenki. Tulipofunga bomba mapema, tenki lilibaki nusu, na nguo za watu zilichelewa. Tulipochelewa kufunga, maji yalifurika na kumwagikia ukuta. Zamani baba alipanda ngazi kuchungulia. Siku moja aliteleza, akaumia goti. Tangu hapo alipanda pale tu ilipokuwa lazima, na alishuka akiwa amekunja uso.

Mama alikuwa na njia yake. Aligonga tenki kwa fimbo na kusikiliza.

"Bado," alisema.

Dakika chache baadaye maji yalikuwa yanatiririka ukutani.

"Uliambiwa bado na nani?" baba aliuliza.

"Na tenki."

"Basi tenki lako linadanganya."

Ukuta ulianza kuota ukungu. Rangi ilibanduka. Mwenye nyumba alivumilia muda mrefu, kwa sababu mama alimfulia kanzu zake vizuri. Lakini siku moja alikuja na mto mkononi. Mto ulikuwa umelowa upande mmoja.

"Mama Nati," alisema, "mimi ni mtu mzima. Nikiamka na mto umelowa, watu watafikiri nini?"

Baba alicheka. Mwenye nyumba hakucheka.

"Nasema mara moja. Maji yakimwagika tena, tenki hili linashuka. Mtachota kwa ndoo kama watu wengine."

Hapo hata baba aliacha kucheka. Ndoo zingetosha kupika na kuoga. Shuka za nyumba ya wageni, sare za wafanyakazi na mapazia ya watu visingefulika kwa ndoo. Tenki likishuka, kazi ingekwisha.

*

Wakati huo shuleni kwetu palikuwa na mwalimu mpya wa sayansi. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye kucha zenye gundi kila siku. Ukimwuliza swali, alijibu, "Tujaribu tuone." Kabla ya mwezi kwisha, shule nzima ilimwita Mwalimu Tujaribu.

Alianzisha klabu. Tulikutana baada ya masomo kwenye stoo ya shule, kati ya madawati yaliyovunjika. Tulikuwa na mikasi, gundi, misumari, waya, chupa tupu na redio mbili zilizokufa. Vitu vingi tulivitoa majumbani kwetu. Nikifumba macho leo, nausikia mlango wa stoo ile ukikwaruza sakafu.

"Shida ngapi ziko nyumbani kwenu?" Mwalimu alituuliza siku ya kwanza.

Tulicheka. Tulidhani anatania.

"Sizungumzii za wazazi. Nataka shida inayoweza kushikwa kwa mkono. Mlango usiofunga. Jiko linalotoa moshi. Kila mtu alete moja."

Mvulana mmoja aliyeitwa Kijiko alileta kengele ya baiskeli isiyolia. Tulimwita Kijiko kwa sababu alionja kila kitu, hata chaki. Mimi nilileta shida ya tenki. Sikuweza kulibeba, kwa hiyo nililichora ubaoni.

"Unataka kujua nini?" Mwalimu aliuliza.

"Maji yamefika wapi."

"Nani anajua maji yamefika wapi?"

Nilifikiri. "Hakuna. Tenki halioni nje na sisi hatuoni ndani."

"Hakuna kitu kinachoweza kukaa juu ya maji, kikapanda nayo na kushuka nayo?"

"Chupa tupu!" Kijiko alipaza sauti.

"Tujaribu tuone."

Tulileta pipa la maji. Tukafunga chupa tupu kwa kifuniko chake na kuifunga uzi. Huo ulikuwa uzi mnene wa pamba. Tuliupitisha juu ya vigurudumu viwili vya mbao, vile vinavyobaki uzi wa cherehani unapokwisha. Mwalimu alituambia kwamba kigurudumu cha kupitishia uzi namna hiyo kinaitwa kapi. Kazi yake ni kuugeuza uzi uelekee upande mwingine bila kukwama. Ncha ya pili ya uzi ilining'inia nje ya pipa. Hapo tulihitaji kitu kizito kidogo, cha kuuvuta uzi ukae wima.

Nilileta jogoo wa pasi. Pasi za mkaa za zamani zilikuwa na komeo lenye umbo la jogoo, mbele, la kufungia kifuniko. Pasi moja ya baba ilikuwa imetoboka chini, naye baba alibakiza jogoo wake. Tulimpaka rangi nyekundu.

Tulitarajia maji yakipanda chupa ipande, na jogoo ashuke. Tulimwachia jogoo. Akashuka chini moja kwa moja, na chupa ikaruka kutoka majini na kugonga kapi.

Kila mtu alicheka, hata mimi. Lakini Mwalimu hakucheka, wala hakutupa jibu.

"Mmeona nini?" aliuliza.

"Jogoo ameishinda chupa," nilisema.

"Kwa nini?"

"Jogoo ni chuma. Chupa ina hewa tu."

"Basi?"

Kijiko alisema tupunguze uzito wa jogoo. Mimi nilisema tuongeze uzito wa chupa. Tulibishana.

"Msijaribu yote mawili kwa pamoja," Mwalimu alisema. "Mkibadilisha vitu viwili na kikafanya kazi, hamtajua kipi kilichosaidia. Badilisheni kimoja."

Tulitia mchanga ndani ya chupa. Mchanga mwingi, chupa ikazama. Tulipunguza. Mchanga kidogo, jogoo akaishinda tena. Tuliongeza chembe kwa chembe, mikono ikilowa mpaka kwenye viwiko. Hatimaye chupa ilikuwa nzito kuliko jogoo, lakini bado ilielea. Tulimimina maji kwenye pipa. Chupa ilipanda, jogoo akashuka. Tulichota maji. Chupa ilishuka, jogoo akapanda.

"Kitu kinachoelea namna hiyo ni boya," Mwalimu alisema. "Mngeweza kusoma habari zake kwenye kitabu kwa dakika moja. Lakini sasa mkiulizwa kwa nini boya lazima liwe na uzito, nani atasahau?"

Mpaka leo sijasahau.

*

Nyumbani sikushangiliwa.

"Shule nilikupeleka ukasome," baba alisema, "si kucheza na chupa."

"Ni sayansi, baba."

"Sayansi iko kwenye daftari. Hii ni chupa."

Nilimweleza. Nilichukua kipande cha ubao, na sehemu ya juu niliandika TUPU. Chini nilichora mstari na kuandika LIMEJAA. Jogoo angepita mbele ya maneno hayo.

Baba alisoma mara mbili. "Umeandika kichwa chini miguu juu. Kitu kikijaa kinapanda."

"Maji yanapanda. Jogoo anashuka."

"Kwa hiyo jogoo akianguka, ndiyo habari njema?"

"Ndiyo."

"Mama Nati!" aliita. "Njoo umsikie mwanao. Shule imemgeuza."

Lakini mama aliyatazama maandishi muda mrefu, kisha akanishika bega. Mama alikuwa mtu wa kufanya zaidi ya kusema.

Usiku ule chombo changu kilikaa juu ya meza ya kupigia pasi. Asubuhi nilikikuta kimependeza. Uzi, ambao ulikuwa na madoa ya gundi na tope, ulikuwa mweupe kabisa na umenyooka. Nilifurahi, nikaenda shuleni. Mwalimu alikuwa ametukataza kupanda ngazi, kwa hiyo kazi ya juu ilikuwa ya baba. Alilalamika, akapanda, akatoboa mfuniko, akagongelea makapi na kutumbukiza boya. Niliporudi mchana, jogoo alikuwa ananing'inia mbele ya ubao.

Nilikuwa bado sijavua viatu bomba lilipokohoa.

"Yamekuja!"

Baba aliweka mpira. Mimi nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho kwa jogoo. Mama alikuwa na povu mpaka mabegani.

"Jogoo anasemaje?" aliuliza.

"Yuko katikati."

Alifua shuka moja, akafua ya pili.

"Na sasa?"

"Bado katikati."

"Leo maji yana uvivu," baba alisema kutoka ndani.

Jogoo hakutikisika. Nilimwamini. Nilikuwa nimemjaribu kwa mikono yangu mwenyewe. Kisha nikasikia sauti ya maji yakianguka, na upande wa pili wa ukuta mtu akapiga kelele.

Mwenye nyumba alitoka na kandambili moja mguuni. Aliuangalia ukuta, akaliangalia tenki, akamwangalia jogoo.

"Hicho ni nini?"

"Ni chombo cha kuonyesha maji, mzee," nilisema.

"Kimekuonyesha?"

Nilimwangalia jogoo. Alikuwa bado katikati.

"Ijumaa naleta fundi," mwenye nyumba alimwambia baba. "Tenki linashuka. Nilishasema, na mimi si redio ya kurudia matangazo."

Baba alifunga bomba. Mama aliendelea kufua, lakini shuka ileile, mahali palepale.

"Nilijua," baba alisema jioni. "Michezo ya stoo. Kesho kitupe."

Nililala bila kula. Chombo hakikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimewaambia wazazi wangu kitu cha uhakika, na hakikuwa cha uhakika.

*

Kesho yake nilimwambia Mwalimu kwamba boya limekufa.

"Umeliona limekufa?"

"Hapana. Lakini halikufanya kazi."

"Kutofanya kazi ni habari. Sababu hatujaijua. Twende tukatazame."

Alikuja nyumbani na Kijiko nyuma yake. Baba aliwakaribisha kwa adabu, kama mtu anavyowakaribisha waliomletea hasara. Mwalimu alimwomba achomoe kila kitu kutoka tenkini bila kukiosha wala kukifuta. Baba alipanda ngazi tena. Goti lilimkumbusha umri wake, naye akalijibu kwa lugha kali.

Vitu vyote viliwekwa juu ya meza ya pasi.

"Shikeni," Mwalimu alisema. "Kila mtu. Baba Nati, na wewe pia."

Boya lilikuwa zima. Makapi yalizunguka vizuri. Jogoo alikuwa jogoo. Ukabaki uzi. Upande uliokuwa ndani ya maji ulikuwa laini na unateleza. Upande wa nje ulikuwa mgumu kama waya. Baba aliuinua kwa ncha, nao ukasimama wenyewe hewani.

"Huu siyo uzi tuliofunga," nilisema. "Ule ulikuwa unalegea."

Kabla hatujamzuia, Kijiko aliutia mdomoni.

"Uji," alisema.

"Kijiko!" Mwalimu alimnyang'anya. "Mara ngapi? Katika klabu hatuonji kitu. Siku moja utaonja kitu kitakachokuonja wewe. Na kuonja hakuthibitishi. Tuna njia nyingine."

Alitoa mfukoni kichupa cha iodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda. Akakata kipande cha uzi mpya kutoka kwenye bunda la klabu, na kipande cha uzi wetu. Aliviweka juu ya kisahani.

"Nati, tia tone moja kwenye kila kipande. Mama, karibu uone."

Mama alikuja akijifuta mikono. Nilitia tone kwenye uzi mpya. Ukawa na rangi ya kahawia, kama dawa yenyewe. Nikatia tone kwenye uzi wetu. Palepale ukageuka buluu iliyoiva, karibu nyeusi.

"Iodini ikikutana na wanga hugeuka hivyo," Mwalimu alisema. "Viazi, unga, wali, karatasi nyingine pia. Uzi wa pamba peke yake haugeuki hivi. Huu una wanga."

Sote tulimgeukia mama polepole.

"Mimi," mama alisema. "Niliufua. Ulikuwa mchafu. Kisha nikautia wanga, nikaupiga pasi."

"Uzi?" baba aliuliza. "Umeupiga pasi uzi?"

"Ulitaka kazi ya mtoto wangu ionekane kama kamba ya mbuzi?"

Baba alijaribu kujizuia. Hakuweza. Alicheka mpaka akashika meza. Mama alimtazama kwa hasira, kisha midomo yake ikaanza kutetemeka, naye akacheka. Nilicheka nikiwa na machozi. Katika mtaa mzima, ni sisi peke yetu ambao tungetia uzi wanga.

Mwalimu alingoja tumalize.

"Sasa tueleze kilichotokea," alisema. "Nati."

Nilishika uzi nikaupindisha kwenye kapi. Haukupinda. Ulikaa kama ulivyokunjwa.

"Maji yalipanda, boya likapanda," nilisema. "Lakini uzi mgumu ulishindwa kuzunguka kapi. Jogoo ni mwepesi, hakuweza kuuvuta. Akabaki katikati."

"Na kosa ni la nani?"

Nilimtazama mama.

"La sisi sote," Mwalimu alisema. "Mama alibadilisha kitu bila kutuambia. Nati aliona uzi umebadilika, lakini hakujaribu tena. Mimi sikuwafundisha kwamba chombo kikiguswa kinajaribiwa upya kabla ya kuaminiwa. Hata kama kimeguswa kwa mapenzi."

Mama aliuchukua uzi mweusi kutoka kwenye kisahani, akautazama karibu na jicho.

"Pamba hunywa kila kitu," alisema. "Inakunywa maji, inakunywa wanga. Hata nisingeutia wanga, ungeoza humo ndani. Mngetumia mshipi wa kuvulia samaki. Nailoni haishiki wanga. Nimeshajaribu mashati ya nailoni, ni kazi bure."

Mwalimu alitabasamu. "Tujaribu tuone."

Tulinunua mshipi dukani. Ulikuwa mwembamba, laini, mwepesi kupinda. Tulifunga chombo upya kwenye pipa la mama la kusuuzia. Jogoo alipanda na kushuka bila kukwama. Nilikwenda kumwita mwenye nyumba aone. Alikuja, akasimama na mikono nyuma.

"Hilo ni pipa," alisema. "Ukuta wangu si pipa."

"Mzee, tupe nafasi moja," baba alimwomba. Sikuwahi kumsikia akiomba.

"Fundi anakuja Ijumaa. Maji yakija kabla hajagusa tenki, nitaona kwa macho yangu. Yasipokuja, msinilaumu."

Baba alipanda ngazi kwa mara ya tatu. Safari hii, kabla ya kushuka, alivuta boya juu na kuliachia, mara kadhaa.

"Jogoo anafanya nini huko chini?" alipaza sauti.

"Anapanda na kushuka!" nilijibu.

"Andika kwamba tumejaribu," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa anaandika.

*

Maji hayakuja siku iliyofuata. Ijumaa asubuhi nilikwenda shuleni nikiwa nimeyatazama mabomba yote ya njiani. Yote yalikuwa makavu.

Mchana, tukiwa darasani, bomba la uwanja wa shule lilikohoa. Sikungoja ruhusa. Nilikimbia na viatu mkononi.

Nilipofika uani nilikuta watu watatu. Mwenye nyumba alikuwa ameketi kwenye kiti, ameelekea ukutani, kama mtu anayengoja picha ianze. Pembeni yake alisimama fundi aliyekuja kushusha tenki, na spana begani. Baba alikuwa amechuchumaa bombani. Mkono mmoja ulikuwa kwenye bomba, na macho yake yalikuwa kwa jogoo. Mama hakuwepo. Alikuwa amepeleka shuka kwenye nyumba ya wageni. Pasi ya baba ilikuwa imeachwa mezani, imesimamishwa vizuri kwa kisigino chake.

"Baba—"

"Usinisemeshe. Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Sijui. Nyamaza."

Jogoo alikuwa anashuka. Alishuka polepole sana, kwa mitetemo midogo, kama mtu mzima anayeshuka ngazi gizani. Alipita katikati. Alikaribia neno la chini.

"Kinashuka," mwenye nyumba alisema. "Maana yake maji yanapungua. Bomba lako halina nguvu, Baba Nati. Fungua zaidi."

Fundi naye alikubali. "Kikishuka ni tupu. Hata geji ya mafuta kwenye gari iko hivyo."

Baba aliwatazama watu wazima wawili. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa bado nahema kwa kukimbia. Nikamwona akirudisha macho yake kwenye ubao na kuusoma kwa midomo, herufi kwa herufi.

Mdomo wa jogoo ulifika kwenye mstari. Baba alifunga bomba.

"Umefunga mapema," mwenye nyumba alisema.

"Fundi," baba alisema, "una ngazi na una macho. Panda utuambie."

Fundi aliegemeza ngazi, akapanda, akainua mfuniko. Alikaa huko juu muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Kisha akatumbukiza mkono.

"Limejaa," alisema. "Limebakiza upana wa vidole vinne kufika ukingoni."

Mwenye nyumba aliinuka. Alikwenda ukutani, akaweka kiganja juu ya rangi iliyobanduka, akakitelezesha mpaka chini. Kilikuwa kikavu. Akakaa tena.

"Sijaelewa," alisema.

"Ni rahisi, mzee," baba alisema. "Akishuka, yamepanda. Akipanda, yameshuka."

"Sasa ndiyo nimepotea kabisa."

Nilifungua mdomo nimweleze, lakini baba alinitangulia.

"Hutaelewa kwa masikio. Mimi nilielezwa siku nyingi na sikuelewa. Njoo ushike."

Alimwongoza hadi chini ya tenki, akamwekea mshipi kwenye vidole.

"Vuta polepole. Unasikia kitu kinavutana nawe? Hilo ni boya. Liko juu ya maji. Sasa liachie."

Mwenye nyumba aliachia. Jogoo alipanda kidogo, akashuka, akatulia. Alivuta tena. Alivuta mara ya tatu, na safari hii alitikisa kichwa, na sauti ikamtoka ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Alikuwa anacheka.

"Hebu na mimi," fundi alisema, akaweka spana chini.

"Subiri zamu yako," mwenye nyumba alimwambia. "Nyumba ni yangu."

Tenki lilibaki pale. Ukuta ulipakwa rangi mwaka uleule, na hapakuota ukungu tena. Miaka baadaye baba aliweza kununua koki ya dukani, ile inayojifunga yenyewe tenki likijaa, na ndani yake, bila shaka, kulikuwa na boya. Kijiko ni mpishi. Mimi ninafanya kazi ya maji, na jioni ninasimamia klabu ya watoto kwenye chumba ambacho hakina tofauti kubwa na stoo ile.

Wazazi hunijia pale mlangoni. Wananiuliza watoto wao wanajifunza nini kwa chupa na nyuzi, na kwa nini wasingekaa na vitabu. Nawajibu kwamba vitabu wanavyo, na wanavihitaji. Lakini ninapojibu hivyo, sioni vitabu. Naona wanaume watatu uani kwetu, nguo nyeupe zimeanikwa juu ya vichwa vyao, wakigombea zamu ya kuvuta uzi.